Lewis Latimer na uzi wa mkaa: nani hasa alitengeneza globu ya umeme?

Kila mwezi wa Februari, Wamarekani wanapoadhimisha historia ya watu weusi, hurudi katika simu zetu picha ya mwanamume mwenye miwani na masharubu, ikiwa na maelezo kwamba huyo ndiye mvumbuzi wa kweli wa globu ya umeme na kwamba Thomas Edison alimpokonya sifa. Jina lake ni Lewis Howard Latimer. Haupiti muda, mtu mwingine hujibu kwamba huo ni uzushi, kwamba Latimer alikuwa mchoraji tu aliyeajiriwa na Edison, na kwamba habari zake zimekuzwa kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Nimezisoma kauli hizo mbili mara nyingi, na kila mara nabaki na masikitiko yaleyale, kwa kuwa zote mbili zinamkosea mtu huyu: ya kwanza inamvika kanzu isiyo yake, ya pili inamvua hata ile aliyoishona kwa mikono yake mwenyewe.

Fundo hili halifunguki mpaka tukubaliane kwanza kuhusu globu yenyewe, kwa sababu maneno "kuvumbua globu" yanafunika kazi nyingi zilizofanywa na watu wengi katika miji tofauti. Ukiwa na globu ya zamani ya kioo kisicho na rangi ambayo imeungua, isogeze karibu na sikio uitikise taratibu. Utasikia mlio mwembamba, kama wa punje ya mchanga ndani ya chupa: huo ni uzi uliokatika ukigonga kioo. Kisha iinue uitazame dhidi ya mwanga wa dirisha, nawe utaona kioo kimeingia ukungu mweusi kwa ndani. Mlio huo na weusi huo ndio maadui wawili waliowahangaisha mafundi wa taa kwa muda wa miaka themanini hivi.

Umeme ukipita katika kitu kinachoukinza hukipasha moto, na joto likizidi kitu hicho huanza kung'aa, kwanza kwa rangi nyekundu, kisha manjano, kisha kwa weupe unaoumiza macho. Jambo hilo lilijulikana mapema sana. Humphry Davy wa Uingereza alikwisha kulionyesha mwanzoni mwa karne ya 19, miongo kadhaa kabla Edison hajazaliwa. Kung'arisha waya, basi, hakukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kuufanya uendelee kung'aa. Metali nyingi huyeyuka kabla hazijatoa mwanga wa kufaa. Kaboni, ambayo ni kitu kilekile tunachokiona katika mkaa, haiyeyuki kwa urahisi hata kidogo, lakini ikipata hewa hushika moto na kwisha mara moja, kama kila mpishi anavyojua. Kwa hiyo kaboni ilibidi ifungiwe ndani ya chupa ya kioo iliyotolewa hewa yote, na pampu ya zebaki yenye uwezo wa kutengeneza ombwe la kutosha ilipatikana tu baada ya Hermann Sprengel kuibuni mwaka 1865. Hata ndani ya ombwe, kaboni yenye joto kali hupukutika chembe kwa chembe na kwenda kutua juu ya kioo; ndiyo asili ya weusi kama ule. Tena nyaya zinazopeleka umeme ndani lazima zipenye kioo bila kuacha ufa, na kwa kuwa metali nyingi hutanuka kuliko kioo zinapopata joto, mafundi wa wakati ule walilazimika kutumia platinamu, ambayo hutanuka karibu sawa na kioo lakini bei yake ni ya kutisha.

Katikati ya mambo hayo yote, mchango mkubwa wa Edison ulikuwa wa hesabu. Watangulizi wake walitumia vipande vinene vya kaboni, vijiti kwa kweli, ambavyo vina ukinzani mdogo na hivyo huhitaji mkondo mkubwa wa umeme. Mkondo mkubwa hupotea njiani kwa kuzipasha moto nyaya, na upotevu huo haukui taratibu: mkondo ukiongezeka mara 10, joto linalopotea katika waya uleule huongezeka mara 100. Ili kuuangaza mtaa mzima kwa taa za namna hiyo ingebidi kufukia ardhini shaba nyingi kiasi kwamba hakuna tajiri ambaye angekubali kuilipia. Edison aliona kwamba dawa ni kuifanya kaboni iwe nyembamba mno, iwe uzi, ili iwe na ukinzani wa omu 100 hivi (omu ni kipimo cha ukinzani), itumie volti nyingi na mkondo mdogo. Uzi huo ndio mafundi huuita filamenti. Oktoba 1879, katika karakana yake ya Menlo Park, jimbo la New Jersey, uzi wa pamba uliogeuzwa kaboni uliwaka kwa zaidi ya saa 13. Tarehe 27 Januari 1880 alipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, namba 223,898. Kule Newcastle, Uingereza, Joseph Swan alikuwa akihangaika na taa ya kaboni tangu zamani na alikwisha kuionyesha hadharani mwanzoni mwa 1879, na hatimaye wawili hao waliona ni afadhali kuunganisha kampuni zao za Uingereza mwaka 1883 kuliko kupelekana mahakamani.

Mpaka hapo Latimer hajaingia. Alikuwa bado hajagusa taa yoyote.

Alizaliwa tarehe 4 Septemba 1848 mjini Chelsea, jimbo la Massachusetts. Wazazi wake, George na Rebecca, walikuwa watumwa waliotoroka kutoka Norfolk, Virginia, mwezi Oktoba 1842. George alikamatwa Boston kwa madai ya mtu aliyejiita mmiliki wake, na kesi yake ikaamsha hasira kubwa miongoni mwa wapinga utumwa wa mji ule, akiwamo Frederick Douglass, ambaye naye alikuwa ametoroka utumwani. Mwishowe uhuru wa George ulinunuliwa kwa dola 400, na mwaka uliofuata Massachusetts ilitunga sheria ya kuwazuia maofisa wake wasisaidie kuwakamata watumwa waliotoroka. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba hiyo alijiunga na jeshi la wanamaji mwaka 1864, akiwa bado kijana mdogo, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa bado vinaendelea, akaachishwa kwa heshima mwaka 1865. Kisha akaanza kutafuta kazi Boston, na kazi aliyoipata ilikuwa ya utarishi katika ofisi ya mawakili wa hataza, Crosby na Gould, kwa mshahara wa dola 3 kwa wiki.

Ofisi ya namna hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake, na inafaa kueleza kwa nini. Mtu akiomba hataza hapeleki maneno peke yake. Hupeleka na michoro, na michoro hiyo ina sheria zake kali. Ilibidi ichorwe kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe ngumu, kila mstari uwe safi kiasi cha kuweza kupunguzwa na kuchapishwa bila kupotea, kila sehemu ya mashine iwekewe herufi au namba inayolingana na maelezo, na mchoro mmoja uweze kuonyesha kile kilichomo ndani ya kitu bila kukivunja. Mchoraji asiyeielewa mashine hawezi kuichora hivyo. Latimer aliwatazama wachoraji wakifanya kazi, akanunua vitabu na vyombo vilivyokwisha kutumika, akajifunza usiku, kisha siku moja akaomba aruhusiwe kujaribu. Kufikia mwaka 1872 alikuwa mkuu wa wachoraji kwa mshahara wa dola 20 kwa wiki. Wanaosema kwamba alikuwa "mchoraji tu" hawajatafakari kazi hiyo ilivyokuwa: kwa miaka zaidi ya kumi kila aina ya mashine mpya ya kaskazini-mashariki ya Marekani ilipita mbele ya macho yake, naye alitakiwa aielewe vyema kiasi cha kuweza kuifungua kwa kalamu.

Mwaka 1874, yeye na Charles W. Brown walipata hataza ya choo bora cha mabehewa ya treni. Miaka miwili baadaye mwalimu mmoja wa viziwi aliyeitwa Alexander Graham Bell alihitaji michoro ya simu yake, na Latimer ndiye aliyeichora. Maombi ya Bell yalifikishwa ofisi ya hataza tarehe 14 Februari 1876, siku ileile ambayo mpinzani wake Elisha Gray alipeleka taarifa ya kifaa chake. Katika mbio za namna hiyo, mchoro uliochelewa siku moja ungeweza kubadilisha historia ya simu.

Mwaka 1879 Latimer alihamia Bridgeport, Connecticut, na mwaka uliofuata akaajiriwa na Hiram Maxim, mhandisi mkuu wa kampuni ya United States Electric Lighting. Jina la Maxim halipaswi kutupita kimya sisi wa Afrika Mashariki, kwa kuwa ni yeye aliyekwenda baadaye London na kubuni bunduki ya rashasha ambayo majeshi ya kikoloni yaliitumia kuwaua watu wetu, hata katika vita vya Maji Maji. Lakini mwaka 1880 shughuli yake ilikuwa taa, na alikuwa mshindani wa wazi wa Edison. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu ndilo linalovunja hadithi zote mbili kwa pamoja: uvumbuzi wa Latimer katika taa za umeme aliufanya akiwa kambi ya pili, akimfanyia kazi mtu aliyetaka kumshinda Edison. Hakuwamo Menlo Park mwaka 1879, na wala hakuwa msaidizi wa Edison uzi wa kwanza ulipowaka.

Alichokuta kwa Maxim kilikuwa tatizo la kiwandani. Kuwasha uzi mmoja katika karakana ni jambo moja. Kutengeneza nyuzi elfu moja zinazofanana, zisizokatika, ni jambo jingine kabisa. Mtu yeyote aliyewahi kuona tanuri la mkaa likichomwa huko Pwani au Morogoro anaijua kanuni yake. Magogo hupangwa, hufunikwa majani na udongo, kisha huachiwa matundu machache tu ili hewa isiingie kwa wingi, kwa sababu kuni zikipata hewa ya kutosha huwa majivu, na zikinyimwa hewa huwa mkaa. Mchoma mkaa anajua pia kwamba gogo likigeuka mkaa husinyaa na kupasuka, na kwamba mkaa ni mwepesi kuvunjika. Utengenezaji wa uzi wa taa ulikuwa uleule. Kipande cha karatasi au cha nyuzi za mmea kilikatwa kwa umbo linalotakiwa, ambalo katika taa za Maxim lilikuwa kama herufi M, kikafungiwa ndani ya chombo kisichopitisha hewa, kikapashwa joto kali mpaka kila kitu kiondoke isipokuwa kaboni. Mchoma mkaa haoni hasara gogo likipasuka. Fundi wa taa akiona uzi wake, mwembamba kama unywele wa singa, umejipinda au umepata ufa, kazi yote imepotea.

Chanzo cha hasara hiyo ni kusinyaa. Kipande laini kikiwekwa katikati ya vibao vigumu visivyosinyaa, kitavutwa huku na huku kinapopungua ukubwa, kisha kitakatika. Na kikiachwa huru bila kushikiliwa, kitajikunja. Jibu la Latimer lilikuwa la busara kwa jinsi lilivyokuwa rahisi. Alikifunga kipande hicho ndani ya bahasha ya karatasi ngumu, yaani katika kitu cha jamii moja nacho, ili vyote viwili vipashwe joto pamoja, visinyae pamoja, na kugeuka kaboni pamoja. Bahasha ilikishikilia kipande kisipinde, lakini haikukivuta, kwa kuwa ilikuwa ikipungua kwa kiasi kilekile. Tarehe 17 Januari 1882 alipewa hataza namba 252,386 kwa njia hiyo ya kutengeneza kaboni, kwa jina lake peke yake.

Kabla ya hapo, tarehe 13 Septemba 1881, yeye na Joseph V. Nichols walikuwa wamepata hataza namba 247,097 iliyohusu taa yenyewe, hasa namna ya kuziunganisha ncha za uzi wa kaboni na nyaya za metali. Msomaji anaweza kuona hilo kuwa dogo, lakini maungio hayo ndiyo mahali ambapo kaboni na metali, vitu viwili vyenye tabia tofauti kabisa, hukutana katika joto kali. Muungano ukilegea, ukinzani huongezeka hapohapo, joto hujikusanya, na taa hufa. Hataza ya tatu ya umeme, namba 255,212 ya tarehe 21 Machi 1882, ambayo aliipata pamoja na John Tregoning, ilihusu kifaa cha kushikilia tufe la kioo la taa. Hizo tatu ndizo hataza zake za taa za miaka ile. Hakuna hata moja inayohusu kitako cha globu chenye nyuzi za kuzungusha, ingawa maelezo ya mitandaoni humpa na hicho.

Je, njia ya bahasha ndiyo iliyoifanya globu ya Edison idumu? Hapana, na sababu ni mbili. Kwanza, haki za hataza hiyo zilikuwa mikononi mwa kampuni ya Maxim, si ya Edison. Pili, wakati Latimer anapewa hataza yake, Edison alikwisha kuachana na karatasi. Watu wake walikuwa wamegundua mwaka 1880 kwamba nyuzi za mwanzi kutoka Japani, zikigeuzwa kaboni, zinaweza kuwaka kwa saa zaidi ya 1,000. Simulizi isemayo kwamba globu za Edison zilidumu siku chache tu mpaka Latimer alipoziokoa haina msingi. Kilicho kweli ni kwamba Latimer aliziboresha taa za Maxim, akapunguza upotevu katika utengenezaji wake, na hivyo akasaidia kuifanya taa ya uzi wa kaboni iwe bidhaa ya kiwandani inayouzika. Kwa maoni yangu hiyo ni heshima ya kutosha kwa mtu yeyote, na haihitaji kuongezewa chumvi.

Sehemu ya kazi yake ninayoiona kuwa imesahauliwa zaidi ni ile ya kufunga taa. Kampuni ya Maxim ilifunga taa katika jengo la Equitable mjini New York mwaka 1880, miongoni mwa majengo ya kwanza kabisa ya biashara kuangazwa kwa globu, na Latimer alisimamia kazi za namna hiyo New York, Philadelphia na Montreal. Tukumbuke kwamba hapakuwa na fundi umeme aliyesomea kazi hiyo popote duniani, vyombo vya kupimia vilikuwa haba, na waya uliopatikana madukani ulikuwa wa kengele za ofisini. Katika kumbukumbu alizoandika baadaye alieleza jinsi walivyofanya mambo kwa kukisia. Alipofika Montreal alikuta vibarua wanaozungumza Kifaransa. Badala ya kutafuta mkalimani, aliandika maelekezo ya kazi kwa lugha hiyo akajifunza kuyasema. Kisha kampuni ikampeleka London akaanzishe kiwanda cha globu, ambako ilibidi afundishe kila hatua, kuanzia kupuliza kioo hadi kutoa hewa, na ambako mameneja wa Kiingereza hawakumfurahia fundi mweusi aliyezoea kusema na wakubwa kama watu wa kawaida. Aliporudi Marekani mwaka 1882 nafasi yake ilikuwa imekwisha kujazwa. Mtu aliyewajengea kiwanda ng'ambo alirudi na kukuta hana kazi.

Septemba ya mwaka huohuo, tarehe 4, siku Latimer alipotimiza miaka 34, Edison aliwasha kituo chake cha umeme cha Pearl Street, New York, kikianza na taa 400 hivi. Mwaka 1884, baada ya kupita katika kampuni ndogondogo, Latimer aliajiriwa na kampuni ya Edison, kwanza katika idara ya uhandisi, kisha, kufikia 1890, katika idara ya sheria. Hapa ndipo maisha yake yanapogeuka kwa namna ambayo hata mtunzi wa hadithi angeona haya kuibuni.

Edison alikuwa ameishtaki kampuni ya United States Electric Lighting kwa kuvunja hataza yake ya 1880, yaani aliishtaki ileile kampuni iliyomiliki kazi za Latimer, ambayo tangu 1888 ilikuwa mikononi mwa George Westinghouse, tajiri wa viwanda na mshindani wa Edison. Kampuni ya Edison ilihitaji mtu anayeweza kusoma hataza za wapinzani mstari kwa mstari, kuchora vielelezo vya mahakamani, kukagua taa zilizodaiwa kuigizwa na kusema kwa uhakika zimetengenezwaje. Nani angeijua taa ya Maxim kuliko mtu aliyeitengeneza? Latimer akawa mchoraji mkuu na shahidi mtaalamu wa upande wa Edison.

Swali la kisheria lilikuwa lilelile tulilolianza: Edison alivumbua nini hasa, ikiwa kaboni, ombwe na kioo vilikuwapo kabla yake? Tarehe 14 Julai 1891 Jaji William Wallace aliamua kwamba kuna tofauti ya kweli kati ya kijiti cha kaboni na uzi wa kaboni. Kwamba uzi mwembamba wenye ukinzani mkubwa, ndani ya chupa iliyozibwa yote kwa kioo, ulikuwa kitu kipya kwa sababu uliwezesha jambo ambalo vijiti havikuliwezesha. Rufaa ilithibitisha uamuzi huo mwezi Oktoba 1892. Ushindi ulikuwa mkubwa lakini wa muda mfupi, kwa kuwa hataza yenyewe ilikwisha muda wake 1894. Hata hivyo katika kipindi hicho washindani walibanwa vikali, na Westinghouse alipopewa kazi ya kuangaza maonyesho ya dunia ya Chicago mwaka 1893 ilimbidi atumie globu ya vipande viwili, yenye kizibo cha kioo, ili asiikanyage hataza ya Edison. Wanaosema kwamba Edison alimwibia Latimer wangefanya vyema kuusoma mkondo huu wa mambo. Latimer mwenyewe, aliyeijua historia ya taa kuliko karibu kila mtu aliyekuwa hai, alisimama chini ya kiapo kuitetea hataza ya Edison. Alikuwa ameajiriwa kufanya hivyo, ni kweli, lakini hakuna alama yoyote katika maandishi yake kwamba alijiona ameporwa globu.

Hapo katikati, mwaka 1890, mchapishaji D. Van Nostrand wa New York alitoa kitabu cha Latimer kuhusu taa za umeme za mfumo wa Edison, kikiwa na nyongeza za waandishi wawili wengine, C. J. Field na John W. Howell. Ni kitabu chembamba kilichoandikwa kwa ajili ya mtu wa kawaida mwenye hamu ya kuelewa, na kinaanza kueleza mambo kutoka chini kabisa. Mtoto wa watumwa waliotoroka, aliyeacha shule mapema, ndiye aliyewaeleza Wamarekani kitu kinachong'aa darini kwao kinafanyaje kazi. Kila ninapolifikiria jambo hilo naliona kubwa kuliko hataza zote tatu.

Mwaka 1896 General Electric, iliyokuwa imeimeza kampuni ya Edison, ilikubaliana na Westinghouse wagawane hataza badala ya kuendelea kushtakiana, wakaunda bodi ya pamoja ya kuzisimamia. Latimer alikuwa mchoraji mkuu wa bodi hiyo mpaka 1911, kisha akawa mshauri wa masuala ya hataza katika ofisi binafsi. Jioni za mwaka 1906 alikuwa akiwafundisha wahamiaji Kiingereza na uchoraji wa kiufundi katika kituo cha Henry Street, New York, yaani vitu vilevile viwili ambavyo yeye alivipata kwa kuvizia.

Wakati huo teknolojia yake ilikuwa ikizeeka. Uzi wa kaboni ulitoa mwanga wa takriban lumeni 3 tu kwa kila wati ya umeme (lumeni ni kipimo cha mwanga), kwa kuwa ukipashwa joto zaidi hupukutika haraka. Metali iitwayo tungsteni inastahimili joto kubwa zaidi, lakini ilikuwa ngumu na yenye kuvunjika kama kigae, mpaka William Coolidge wa General Electric alipopata njia ya kuilainisha iweze kuvutwa kuwa waya, na globu zake zikaanza kuuzwa mwaka 1911. Miaka miwili baadaye Irving Langmuir, wa kampuni hiyohiyo, aliujaza utupu wa globu kwa gesi isiyoshika moto na kuusokota waya wa tungsteni kama springi, ili upukutikaji upungue. Bahasha ya karatasi ngumu haikuwa na kazi tena. Ndivyo inavyokuwa kwa uvumbuzi mwingi wa kiwandani, na hilo halimpunguzii thamani aliyetatua tatizo la wakati wake.

Mwaka 1918 watu waliofanya kazi na Edison katika miaka ya mwanzo waliunda chama chao, Edison Pioneers. Latimer alikuwa miongoni mwa waanzilishi, na ndiye mwanachama pekee mweusi. Mwaka 1922 aliacha kazi kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kushindwa, baada ya zaidi ya nusu karne ya kuchora mistari myembamba kwa wino. Alipotimiza miaka 77, mwaka 1925, jamaa na marafiki walimchapishia mashairi yake. Alifariki tarehe 11 Desemba 1928 huko Flushing, New York, na nyumba yake ya mbao, ambayo mwaka 1988 ilibebwa mzimamzima ikahamishiwa mtaa mwingine ili isibomolewe, sasa ni makumbusho yenye jina lake.